Sura ya Sita: Tikiti Tamu na Mbegu Yake Katika Bustani za Juba

Tikiti tamu, ambalo watu wa Juba hulijua kwa jina la shamamu, lina tabia moja iliyo sababu kubwa ya kuandikwa kwa sura hii, nayo ni kwamba sukari yake yote huipata kwa majani ya mmea wake wakati lingali limeshikamana na kikonyo, wala haliongezi hata chembe moja baada ya kukatwa. Embe na ndizi huchumwa mbichi, zikafunikwa zikaiva, zikawa tamu, kwa kuwa zimekwisha kujiwekea wanga ambao hugeuka sukari baadaye; tikiti halina akiba hiyo. Laweza kulainika, laweza kunukia, laweza kugeuka rangi likapendeza machoni, walakini utamu wake utakuwa ule ule liliokuwa nao saa lilipotengwa na mmea wake. Kwa hiyo kila tikiti linalotakiwa kusafiri mbali hukatwa mapema ili lisioze njiani, na kila linalokatwa mapema huwa limenyimwa sehemu ya utamu uliokuwa haki yake, naye mnunuzi hunyimwa pamoja nalo.

Sasa aliyepata kupita asubuhi katika soko la Konyo Konyo, ambako Kiarabu cha Juba na Kiswahili cha wachuuzi kutoka Uganda na Kenya husikika bega kwa bega juu ya meza zile zile, ameona jinsi chakula cha mji huu kinavyotegemea barabara. Nyanya, vitunguu, kabichi, ndizi na matikiti maji huteremshwa kwa malori yaliyovuka mpaka wa Nimule, na tangu mwaka 2012, ilipokamilika lami ya kilomita 192 kutoka mpaka huo hadi mjini, na hususan tangu mwaka 2016, Sudan Kusini ilipoingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, biashara hiyo imekuwa mshipa wa uhai wa Juba. Simlaumu mchuuzi hata kidogo. Ametulisha katika miaka ambayo vita vilifanya kulima kuwe hatari. Lakini kitunguu kikisafiri siku tatu hakipotezi kitu, na tikiti tamu hupoteza sifa ile ile ambayo kwayo liliitwa tamu. Kuna mazao ambayo ni busara kuyanunua, na kuna mazao ambayo mtu asipoyapanda mwenyewe hatayapata kamwe katika ukamilifu wake, na tikiti tamu ni la kwanza katika hayo ya pili. Nitaongeza neno moja ambalo sura nzima hii inalikusudia: kulipanda bila ya kuimiliki mbegu yake ni nusu ya kazi.

Wala asidhani mtu kwamba tukiupanda mtikiti katika ardhi hii tunaleta mgeni. Uchunguzi wa nasaba za mitikiti uliochapishwa mwaka 2018, ambao mwanazuoni wa mimea Susanne Renner wa Munich alikuwa miongoni mwa waandishi wake, ulidhihirisha kwamba binadamu aliufuga mmea huu si mara moja bali mara mbili, mahali mbali mbali: mara moja katika Asia, ambako yametoka matikiti matamu yote yajulikanayo duniani, na mara ya pili katika Afrika, ambako kizazi chake kimebaki katika nchi za Sudan kwa majina ya tibish na fadasi. Tibish ni tunda dogo la Kordofani, halina utamu, huliwa changa kama tango, na huvumilia ukame ambao ungeua tikiti la Ulaya kwa juma moja. Pamoja nalo kuna ajuri, lile refu la kijani ambalo Waarabu wa kaskazini waliwazoeza watu wa Juba kulikata katika saladi, nalo pia, ingawa mlaji hudhani ni tango, ni tikiti kwa jinsi na kwa damu. Msomaji aliweke jina hilo la ajuri akilini, kwani litatusumbua tutakapofika kwenye mbegu.

Tikiti tamu lenyewe, yaani tawi la Asia, lilipata heshima kubwa kwa wasafiri wa Kiislamu wa zamani. Ibn Battuta, huyo huyo aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alipita baadaye katika nchi ya Khwarizmi, akasifu matikiti yake kuliko yote aliyoyaonja mashariki na magharibi ila ya Bukhara, akaeleza kwamba watu wa huko huyakata vipande, huyaanika juani, huyapakia katika vikapu, na kuyapeleka hadi Hindi na Uchina. Watu wale walikwisha kutambua lile ambalo tumelisema mwanzo: tunda likitakiwa kwenda mbali likiwa na utamu wake kamili, kwanza liive, kisha likaushwe. Na Babur, aliyeiteka Delhi mwaka 1526, alipoona kwamba Hindi haina matikiti ya kwao, hakutosheka na kuletewa matunda. Alimwita mkulima wa matikiti kutoka Balkh, akampa sehemu katika bustani yake ya Agra, na yalipozaa alifurahi furaha ambayo ameiandika kwa mkono wake. Mfalme mwenye ngamia na farasi wa kutosha kubeba chochote alichagua kuhamisha mbegu na maarifa ya kuipanda, nami naona alichagua vema.

Tuje basi kwenye mbegu. Mbegu ya kilimo hai ni ile ambayo mama yake alilelewa bila ya mbolea za chumvi za viwandani wala sumu za kuua wadudu, na ambayo yenyewe, baada ya kuvunwa, haikupakwa dawa. Katika maduka ya pembejeo ya miji yetu mbegu aghalabu huuzwa zikiwa na rangi ya waridi, ya samawati au ya kijani, na rangi hiyo haikutiwa kwa urembo. Ni alama ya kuonya kwamba zimepakwa dawa ya ukungu kama vile thiramu, ili asije mtu akazila wala kumpa kuku. Dawa hiyo ina kazi yake katika udongo baridi na wenye unyevu ambako mbegu hukaa siku nyingi kabla ya kuota. Bali Juba, ambako udongo wa Novemba una joto la kutosha kuitoa mbegu ya tikiti kwa siku nne au tano, hatari ya kuoza ni ndogo mno, na kuipaka sumu ni kulinda nyumba isiyo na mwizi.

Jambo la pili, ambalo si lile la kwanza ijapokuwa watu huyachanganya, ni tofauti ya mbegu ya asili na mbegu chotara. Chotara huzaliwa kwa kukutanisha wazazi wawili wa nasaba mbili zilizotunzwa mbali mbali, na mtoto wao hutoka na nguvu na ulinganifu. Tikiti mashuhuri la Galia, lililotolewa Israeli mwaka 1973 na mtaalamu Zvi Karchi, ni la namna hiyo, na hakuna mwenye insafu atakayekana uzuri wake. Lakini mbegu zilizomo ndani ya tunda chotara zikipandwa hutawanyika, moja ikamfuata babu, nyingine ikamfuata bibi, na mkulima hulazimika kurudi dukani kila mwaka. Mbegu ya kilimo hai yaweza kuwa chotara, na mbegu ya asili yaweza kupakwa sumu. Kwa hiyo anunuaye aulize maswali mawili, si moja. Katika zile za asili zifaazo hapa naipendelea ile ya Kimarekani iitwayo Hale's Best, yenye ngozi ya wavu na nyama ya rangi ya machungwa, kwa sababu hustahimili kiu. Na Ananas, ya nchi za Mashariki ya Kati, yenye nyama nyeupe na harufu inayojaza chumba. Charentais ya Ufaransa ni tamu kuliko zote mbili kwa hukumu ya ulimi wangu, lakini ngozi yake ni laini, mvua moja ya ghafla huipasua, na anayeanza asianze nayo.

Mbegu hizo hupatikana kwa kuagiza kwa jamaa aliyeko Nairobi au Kampala, au kwa kununua kutoka ng'ambo, na hizi za ng'ambo zisiingizwe bila ya cheti cha afya ya mimea, kwa maana yako maradhi ya tikiti yasafirio ndani ya mbegu, na nchi ambayo haijayapata haina haja ya kuyakaribisha. Ama kupeana mbegu baina ya majirani, hiyo ni desturi kongwe kuliko serikali zote, nayo imepata kushitakiwa: katika Kenya sheria ya mbegu ilifanya kuuza na kubadilishana mbegu zisizosajiliwa kuwa kosa la jinai, hata wakulima wadogo 15 wakafungua shauri mwaka 2022, na mwezi Novemba 2025 Mahakama Kuu ikatamka kwamba vifungu hivyo vinapingana na katiba. Naitaja habari hiyo kwa sababu mambo ya Nairobi hayakawii kufika Juba, na ni vema watunga sheria wetu waijue kabla ya kuiga kilichokwisha kukataliwa.

Majira ndiyo mlango wa pili. Mvua za Juba huanza Aprili na kuendelea hadi Oktoba, zikileta kwa mwaka kiasi cha milimita 950, na mtu mwenye haraka hudhani kwamba penye mvua ndipo penye tikiti. Kinyume chake ndicho kweli. Mtikiti hupenda maji mizizini na huyachukia majanini. Mvua ya mchana huleta ukungu, huwazuia nyuki, na ikinyesha juu ya tunda linaloiva hulijaza maji hata utamu ukapungua na ngozi ikapasuka. Mkulima apande mwishoni mwa Oktoba au mwanzo wa Novemba, wakati udongo ungali na unyevu wa mvua za mwisho, ili mashina yatambae katika Desemba kavu na matunda yaive Januari na mapema Februari, kwa maana tangu kupanda hadi kuvuna ni siku 75 hadi 100 kwa kadiri ya aina. Asichelewe zaidi ya hapo, kwani kuanzia katikati ya Februari na mwezi wote wa Machi joto la mchana hupanda hadi nyuzi 37 na 38, maua dume hutoa chavua dhaifu, na matunda huunguzwa na jua upande wa juu.

Udongo wa mji si mmoja. Wakaao karibu na mto, kuelekea Rejaf au katika kisiwa cha Gondokoro, wana tope jeusi lililoletwa na Bahr el Jebel, na kazi yao ni kuinua matuta tu ili maji yasituame. Wakaao Gudele, Munuki na pembeni mwa Jebel Kujur wana udongo mwekundu wenye changarawe, unaochuja maji haraka kuliko mmea unavyoweza kuyanywa. Hao wachimbe shimo la upana na kina cha dhiraa moja kwa kila mimea miwili, walijaze samadi ya ng'ombe iliyooza barabara pamoja na majani ya mwembe yaliyogeuka mboji, kisha warudishe udongo wa juu hata liwe kichuguu kidogo. Samadi mbichi isitumiwe. Huchoma mizizi na kuleta majani mengi yasiyo na tunda. Ng'ombe wa Wamundari huletwa kwa wingi kuuzwa mjini, na penye ng'ombe pana mbolea ambayo watu huiacha ikakauka njiani hali wakilipa fedha kwa mifuko ya chumvi.

Ama maji, hapo ndipo penye shida ya kweli, maana nyumba nyingi za Juba hununua maji kwa pipa kutoka kwa magari yapitayo mitaani, na mtu hawezi kumwaga chini kitu ambacho watoto wake wanakingoja. Dawa yake ni mtungi. Mtungi wa udongo usiotiwa rangi, kama ule wa maji ya kunywa lakini mdogo, huzikwa hadi shingoni katikati ya kichuguu, hujazwa maji na kufunikwa kigae, na maji hupenya polepole katika kuta zake kwa kadiri ya kiu ya mizizi iliyouzunguka, yasipotee kwa jua. Asiyeweza kununua mtungi achukue chupa za plastiki, ambazo katika mji huu hazina idadi, atoboe tundu dogo la sindano kwenye kifuniko, azichomeke kichwa chini kando ya shina. Maji yaliyooshea mboga na mchele ni halali kwa mtikiti. Yenye sabuni nyingi si halali. Kisha juu ya udongo yatandazwe majani makavu, yaleyale yanayobaki katika kuezeka nyumba za tukuli, unene wa shubiri moja.

Mbegu hupandwa nne katika kila kichuguu, kina cha sentimita mbili, na ziotapo huachwa mbili zilizo nakawa. Vichuguu vitengane kwa hatua mbili. Mche ukiwa na majani matano ya kweli, ncha yake hukatwa kwa kucha. Wengi huogopa kuifanya kazi hii, wakiona kama ukatili kwa mmea ulio katika ujana wake, lakini sababu yake ni ya maumbile: shina kuu la mtikiti huzaa zaidi maua dume, na maua yenye tunda chini yake hukaa katika matawi ya pembeni, kwa hiyo kuikata ncha ni kuyaita matawi hayo mapema. Uani pasipo na nafasi, matawi hupandishwa juu ya uchaga wa mianzi, na kila tunda likifikia ukubwa wa chungwa hutiwa katika kikombeo cha kitambaa kilichofungwa kwenye uchaga, lisije likakatika kwa uzito. Na kabla ya yote haya uzio uwe umekwisha kujengwa, kwa sababu mbuzi wa Juba hutembea kwa uhuru wa raia, na hawabakishi kitu.

Sasa nifike pale nilipoahidi, kwenye suala la ajuri. Nyuki hajui tikiti tamu na tikiti la saladi; ajua chavua tu, na huipeleka popote. Kwa kuwa ajuri, tibish na shamamu ni jinsi moja, huzaana bila kipingamizi, na mbegu itakayopatikana kwa ndoa hiyo itatoa mwakani tunda lisilo refu wala mviringo, lisilo la saladi wala la kumkaribisha mgeni. Hapa inapasa kuondoa dhana moja iliyoenea: tunda la mwaka huu haliharibiki kwa chavua ya jirani. Nyama ya tunda ni mali ya mama peke yake. Uchotara hujificha ndani ya mbegu na kudhihiri katika kizazi cha pili, na ndiyo maana mtu hula tikiti bora, akatunza mbegu zake kwa furaha, na mwaka unaofuata akavuna asichokitambua akalaumu udongo. Hali kadhalika si kweli kwamba tikiti maji au tango likipandwa karibu hulipoozesha tikiti tamu. Tango ni jamaa wa karibu, lakini lina kromosomu 14 ilhali tikiti lina 24, na hawazaani. Tikiti maji ni wa ukoo wa mbali zaidi. Waachwe wakae pamoja kwa amani.

Vitabu vya wazalisha mbegu huagiza kwamba aina mbili za tikiti zitenganishwe kwa nusu kilomita au zaidi. Agizo hilo ni jema kwa mwenye shamba, lakini katika Munuki, ambako nyumba imeegemeana na nyumba na kila mama ana mashina mawili ya ajuri nyuma ya jiko, halina maana. Njia iliyobaki ni kuwa mshenga wa mmea kwa mkono wako. Jioni, jua linapotua, mwenye bustani hutafuta machipukizi ya maua ambayo yameanza kuonyesha manjano nchani na yatafunguka kesho yake, naye hulitambua lile la kuzaa kwa kitunda kidogo chenye manyoya kilicho chini yake, na lile dume kwa kikonyo chake chembamba kisicho na kitu. Yote mawili huyafunga ncha kwa uzi, au huyavika kifuko cha kitambaa chepesi. Asubuhi, mara jua likipata nguvu na kabla joto halijawa kali, hulikata ua dume, huling'oa petali zake hata ikabaki ile chavua, hulifungua lile la kuzaa kwa upole, akalipangusa katikati yake kwa chavua hiyo, kisha hulifunga tena hima kabla nyuki hajafika. Tangu 1 Februari 2021, saa za Juba zilipovutwa nyuma kwa saa moja, jua la Desemba hutoka karibu na saa kumi na mbili, hivyo kazi hii hufanywa baina ya saa moja na saa tatu. Ikipita hapo, ua limekwisha kuchoka, maana umri wake wote ni siku moja.

Kazi hii ni ya subira. Mtikiti huangusha sehemu kubwa ya maua yake hata yale yaliyochavushwa na nyuki, na mkono wa binadamu hufaulu kidogo kuliko nyuki, kwa hiyo asitegemee maua mawili wala matatu. Ayafanye mengi, na ayafanye mapema, yawe ya kwanza kushika, kwani mmea uliokwisha kupata matunda mengine ya kulea hukataa mapya. Matunda yaliyoshika bila ruhusa katika shina hilo hilo huondolewa yangali machanga. Lile lililotungwa kwa mkono hufungwa uzi mwekundu kwenye kikonyo, na nyumba nzima iambiwe maana yake. Yenye kutungwa na nyuki katika mashina mengine ni ya kuliwa, na kwa ajili hiyo nyuki wakaribishwe kwa mrehani na alizeti zilizopandwa pembeni, wala asinyunyize mtu dawa yoyote asubuhi.

Nisemapo dawa nina maana ya mwarobaini, ambao kivuli chake ndicho paa la mitaa mingi ya Juba, na ambao matunda yake hufagiliwa yakatupwa. Kokwa zake zilizokauka, gramu 50 kwa kila lita ya maji, hupondwa, hulowekwa usiku kucha, huchujwa, hutiwa sabuni kidogo ili zishike, na maji yake hunyunyizwa magharibi kuwafukuza vidukari na mbawakawa wa manjano. Adui mkubwa zaidi, nzi wa matunda, hapatikani kwa dawa hiyo peke yake, kwa sababu hutaga mayai chini ya ngozi ya tunda changa na mabuu hukua ndani pasipo kuonekana. Huyo azuiliwe kwa gazeti: tunda likiwa na ukubwa wa yai, livikwe mfuko wa gazeti uliofungwa shingoni, na kila lililooza lisiachwe chini wala kutupwa jalalani, bali lifungwe ndani ya mfuko wa plastiki na kuachwa juani hata vilivyomo vife.

Tunda huiva siku 35 hadi 45 baada ya ua. Juma la mwisho maji yapunguzwe hata majani yaonyeshe kiu kidogo adhuhuri, kwani hapo ndipo sukari huzidi. Katika Hale's Best na Ananas dalili ni mpasuko mwembamba unaozunguka kikonyo mahali kinapokutana na tunda, na harufu inayosikika kabla ya kuinama. Tunda lililofikia hapo huachia kwa kuguswa na kidole gumba, na lisiloachia lisilazimishwe. Charentais haingoji hivyo, hukatwa jani lililo karibu na tunda linapoanza kupauka. Liliwe siku ile ile, au kesho yake.

Na hapa tikiti lina fadhila ambayo tango na bamia hazina. Mwenye kutunza mbegu ya bamia hana budi kuacha tunda likomae hata lisiweze kuliwa, akachagua baina ya mdomo na mwaka ujao. Tikiti likiwa tayari kwa kisu, mbegu zake nazo zimekomaa, na lile lenye uzi mwekundu laweza kuonjwa na watu wote wa nyumba kabla ya kuhukumiwa. Mbegu ihifadhiwe ya tunda lililokuwa tamu kuliko yote, lililotoka katika shina lililobaki na majani mabichi hadi mwisho, ijapokuwa lilikuwa dogo. Kwa namna hiyo, mwaka baada ya mwaka, aina iliyotoka ng'ambo huzoea joto, ukungu na udongo wa mahali hapa. Asichague ukubwa. Wakulima wa masoko wamekwisha kuchagua ukubwa kwa niaba yetu, na tumeona walichokipoteza.

Tunda moja lina mbegu baina ya 400 na 600. Hukombwa pamoja na ute wake, hutiwa katika bilauri yenye maji kidogo, huachwa zichachuke siku moja au mbili, kwa joto la Juba zisizidi hapo, kisha huoshwa; zilizo tupu huelea na kumwagwa, zilizojaa huzama. Hukaushwa kivulini penye upepo, juu ya sahani au ungo, si juu ya karatasi ambayo hushikamana nazo, wala si juani, kwa maana jua la Januari huua kiini cha mbegu iliyo na maji. Zimekauka iwapo mbegu ikipindwa huvunjika, haijikunji. Joto na unyevu ndio maadui wa mbegu, na kila nyuzi tano za joto zinapopunguzwa umri wa mbegu huongezeka mara mbili hivi; asiye na jokofu atie mbegu katika chupa ya kioo yenye kifuniko cha kukaza, pamoja na kifuko cha mchele uliokaangwa mkavu ili unyonye unyevu, aiweke kando ya ziri, yaani mtungi mkubwa wa maji, mahali pa ubaridi kuliko pote ndani ya nyumba. Zikitunzwa hivyo huota hata baada ya miaka mitano.

Chupa hiyo iandikwe jina la aina, mwaka, na mtaa ilikovunwa, na mbegu zisiwekwe zote katika nyumba moja. Waliokimbia mapigano ya Juba kwa miguu mwezi Julai 2016, wakaelekea Nimule na kambi za Uganda, hawakuwa na nafasi ya kutafuta chupa, na mwaka huo nyumba nyingi zilipoteza mbegu za mtama, za kunde na za ajuri ambazo bibi zao walizipokea kwa bibi zao. Sehemu moja ibaki nyumbani, sehemu apewe jirani aliye tayari kuipanda Oktoba ijayo, na sehemu apelekewe jamaa wa mji mwingine, Torit au Yei au Kampala, kwa sharti kwamba akivuna atarudisha mbegu kiasi kile kile alichopewa.